Nomino Ndiyo Inayochagua: “Make” na Kanuni Inayowapotosha Wanafunzi Wetu

Aliyesoma Tanzania au Kenya anaikumbuka karatasi ile. Mwalimu akitoka darasani, kiranja anachomoa ukurasa wa katikati ya daftari, anaandika juu kwa herufi kubwa NOISE MAKERS, kisha majina yanaanza kupangwa. Anayeendelea kuongea baada ya kuandikwa anawekewa alama ya kuzidisha pembeni ya jina lake, mara mbili, mara tatu, na mwalimu akirudi kila alama ina bei yake. Karatasi hizo ziliandikwa na watoto ambao Kiingereza chao kilikuwa hakitoshi hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Pamoja na hayo, sijapata kusikia kiranja aliyeandika NOISE BEATERS.

Tulitazame jambo hilo vizuri. Kwa Kiswahili kelele hupigwa. Mtoto anayewaza kwa Kiswahili na kutafsiri neno baada ya neno angetakiwa afike kwenye “beat”, lakini hafiki. Mtoto huyohuyo, akiwa kidato cha tatu, ameshasoma sarufi ya Kiingereza kwa miaka mingi, anaandika kwenye insha “I did a mistake”, “we made a party”, “she made a question”. Kwenye kelele hakosei, kwenye makosa yenyewe anakosea. Kelele aliipokea ikiwa imeshikana na kitenzi chake, akaisikia kila siku, na alikuwa na sababu nzuri ya kuisikia. “Mistake” aliletewa peke yake, ikiwa na tafsiri yake pembeni, kisha akaambiwa kitenzi akitafute mwenyewe kwa kutumia kanuni.

Kanuni hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga. Naamini inawapotezea wanafunzi wetu muda na kuwavunja moyo, na naamini msemaji wa Kiswahili ana njia bora zaidi iliyo tayari kichwani mwake, ila hakuna anayemwonyesha.

Kanuni yenyewe inapatikana karibu katika kila kitabu cha sarufi cha sekondari, na inasema hivi: “make” hutumika kwa kitu kinachotengenezwa, kikawepo baada ya kutokuwepo, na “do” hutumika kwa kazi na shughuli. Ina ukweli ndani yake. “Make a cake”, “make a dress”, “make a chair”, hapo hakuna ugomvi, keki haikuwepo na sasa ipo mezani. Biblia ya King James ya mwaka 1611 inasema “Let us make man”, na Union Version yetu inasema “Na tumfanye mtu”. Hiyo ndiyo maana ya asili ya kitenzi hiki, na inafundishika kwa dakika tano.

Tatizo ni kwamba matumizi ya kila siku ya “make” hayaishii hapo, na ukitoka nje ya keki na kiti kanuni inaanza kuyumba. Mfanyabiashara aliyepata hasara, Mwingereza anasema “he made a loss”. Ametengeneza nini? Fedha zilizokuwepo hazipo tena. “Make an effort” ni shughuli tupu, jasho tu, na hakuna kitu kinachobaki mezani baada yake. Kwa upande wa pili, anayechora picha anabaki na picha mkononi, lakini utamsikia Mwingereza akisema “do a drawing”. Anayefasiri barua anabaki na barua mpya, lakini ni “do a translation”. Jikoni ndiko kunakochanganya zaidi. Mama mmoja, jiko moja, sufuria moja: ukitaja chakula cha jioni yeye “makes dinner”, ukitaja upishi yeye “does the cooking”. Kazi ni ileile, moto ni uleule. Kilichobadilika ni nomino.

Tuangalie na kitanda. “The carpenter made a bed.” “My mother made the bed.” Sentensi mbili, kitenzi kimoja, na ukimwacha mtenda, tofauti inayoonekana kwa macho ni “a” na “the” tu. Seremala amekata mbao, amepiga randa, amegongomea misumari, na kitanda kimezaliwa. Mama ametandika. Kitanda cha mama kilikuwepo jana na juzi. Mwanafunzi aliyeelezwa kwamba “make” ni kutengeneza atadhani mama huyo ni fundi, au kitanda kilikuwa kimevunjika. Nimewaona walimu wazuri kabisa wakijitahidi kuokoa kanuni hapa, wakisema kwamba mama “ametengeneza unadhifu wa kitanda”. Maelezo ya namna hiyo hayamsaidii mtoto. Yanamfundisha kwamba kila jibu la Kiingereza lina sababu inayoweza kubuniwa baadaye, na kwamba yeye tu ndiye asiyeijua.

Ukweli ni rahisi zaidi. Katika misemo hii “make” haina uzito wake wa kawaida. Otto Jespersen, Mdenmaki aliyeandika sarufi kubwa ya Kiingereza katika juzuu saba, aliviita vitenzi vya namna hii vitenzi vyepesi katika juzuu iliyotoka mwaka 1942. Maana yote inabebwa na nomino. Kitenzi kinabaki na kazi ya kuonyesha nani na lini. Nomino ndiyo mwenye nyumba, na kitenzi ni mgeni anayeingia kwa kualikwa.

Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki: ikiwa kitenzi ni chepesi hivyo, Waingereza wanakihitaji cha nini? Si wana “decide”, waache “make a decision”? Jibu linapatikana ukijaribu kuongeza habari kidogo. “She decided” inasimama vizuri. Sasa mwambie msikilizaji kwamba uamuzi ulikuwa mgumu, kwamba ulikuwa wa pili wiki hiyo, kwamba ulikuja haraka mno. Nomino inavipokea vyote bila shida: “she made her second hasty decision that week”. Inahesabika, inapokea vivumishi, inaweza kutangulizwa mbele ya sentensi na kurejelewa baadaye. Kiswahili kinafanya hivyohivyo. “Amekosea” inatosha mpaka utake kusema makosa yalikuwa matatu na makubwa, hapo utasema “amefanya makosa makubwa matatu”. “Amenipigia” inatosha mpaka utake kueleza kwamba simu zilikuwa tano na zote za usiku wa manane.

Kuna faida nyingine ya muundo huu ambayo wanasiasa waliigundua zamani. Ukitumia “err” au “fail”, lazima mtu awepo kwenye sentensi, kwa sababu kosa halijikosei lenyewe. Ukitumia nomino pamoja na “make”, unaweza kuigeuza sentensi na mtenda akatoweka. Januari 1987, akihutubia Bunge la Marekani kuhusu kashfa ya silaha zilizouzwa Iran, Rais Ronald Reagan alisema kwamba “serious mistakes were made”. Makosa mazito yalifanyika. Nani aliyafanya? Sentensi haisemi, na kwa Kiingereza haina upungufu wowote wa kisarufi. Nasi tunayo yetu: “makosa yalifanyika”, tunaisikia kwenye taarifa za taasisi kila zinapobanwa. Mwanafunzi anayefundishwa kuuona muundo huu anajua ajibu nini, iwe ni kwa Kiingereza au kwa Kiswahili: yalifanywa na nani? Ni somo la sarufi na ni somo la uraia, na huwezi kulifikia ukiwa umekwama kwenye kujaza nafasi kwa “make” au “do”.

Sasa tuje nyumbani. Sidhani kuna mtu aliyejiandaa kuielewa “make” kuliko msemaji wa Kiswahili, kwa sababu sisi tunaye “piga”. Tunapiga simu, picha, pasi, deki, mswaki, kura, magoti, hodi, miayo, chafya, kambi, mbizi, muhuri, soga na marufuku. Kipigo kiko wapi kwenye miayo? Kiko wapi kwenye kambi? Mgeni anayejifunza Kiswahili anaumia hapo kama sisi tunavyoumia kwenye “make”. Atasema “nimefanya simu”, “nilifanya picha”, na sisi tutamwelewa lakini tutajua mara moja kwamba lugha si yake. Akituuliza kanuni, hatuna. Tutamwambia tu kwamba simu hupigwa. Tunamwambia ukweli, na ukweli huo ndio tunaokataa kuwapa watoto wetu wanapojifunza Kiingereza.

Na “piga” yuko na wenzake. “Make a decision” kwa Kiswahili cha wazee ni kukata shauri. “Make a journey” ni kufunga safari. “Make a promise” ni kutoa au kuweka ahadi, “make a will” ni kuandika wosia, “make a profit” ni kupata faida, “make an excuse” ni kutoa udhuru, “make trouble” ni kuzua matata, “make progress” ni kupiga hatua, “make the bed” ni kutandika. Mahali ambapo Mwingereza anaweka kitenzi kimoja, sisi tunaweka nane au tisa, na kila kimoja kimechaguliwa na nomino yake. Safari hufungwa, haikatwi. Shauri hukatwa, halifungwi. Rufaa hukatwa, na tamaa hukatwa, ingawa maana za kukata hapo hazifanani hata kidogo. Mtoto wa miaka sita anayajua mengi ya namna hii bila kufundishwa, maana kila nomino aliisikia ikiwa na kitenzi chake tangu siku ya kwanza.

Zaburi ya 66 inaonyesha jambo hili kwa mstari mmoja. King James inaanza “Make a joyful noise unto God”. Wafasiri wa Union Version wakaandika “Mpigieni Mungu kelele za shangwe”. Hawakuandika “mtengenezeeni”. Walisoma “noise”, wakaona ni kelele, na kelele ikawaambia kitenzi chake ni kipi. Mfasiri mzuri hafasiri “make” hata siku moja. Anafasiri nomino, na “make” inajifasiri yenyewe.

Ni jambo la kusikitisha kwamba siku hizi maji yameanza kwenda kinyume. Kwenye redio na mitandaoni nasikia “kutengeneza marafiki”, “kufanya tofauti”, hata “kutengeneza maamuzi”. Marafiki tulikuwa tunawapata. Uamuzi tulikuwa tunautoa, tunaufikia, tunaupitisha. Kanuni ya “make ni kutengeneza” haiharibu Kiingereza cha wanafunzi peke yake. Wanatoka nayo darasani, wanakuwa watangazaji na waandishi, na wanaigeuzia lugha yao.

Anayetaka kujua kwa nini Kiingereza kiliiteua “make” badala ya kitenzi kingine, historia inampa majibu ya nusunusu. Kiingereza cha kale kilikuwa na “macian”, mama wa “make”, lakini kazi kubwa ya kusema kuumba na kutengeneza ilifanywa na kitenzi kingine, “wyrcan”, ambacho leo tunakiona kama “work”, na mabaki yake ya kale yamo kwenye “wrought”. Taratibu “make” ikachukua nafasi. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, nomino za Kifaransa ziliingia kwa mafungu, nyingine zikiwa na mazoea ya kukaa na kitenzi “faire”. Kifaransa kinasema “faire la guerre”, “faire la paix”, “faire du bruit”, “faire des efforts”, na Kiingereza kina “make war”, “make peace”, “make noise”, “make efforts”. Ulinganifu huo si wa bahati.

Lakini usiusimamie sana, maana Kifaransa hichohicho kinasema “prendre une décision”, uamuzi huchukuliwa, na Waingereza wengi bado wanasema “take a decision” huku Wamarekani wakishikilia “make”. Kwenye Kiingereza cha Shakespeare ungeweza kumuuliza mtu “what make you here?” ukimaanisha unafanya nini hapa, mahali ambapo leo ni lazima “do”. Mipaka kati ya vitenzi hivi viwili imehama kwa karne nyingi. Kanuni inayodai kuueleza mpaka huo kwa mantiki ya kutengeneza na kutenda inaeleza jambo ambalo mantiki haikulipanga.

Waliogundua hili mapema walikuwa walimu wa wageni. Harold Palmer, Mwingereza aliyefika Japani mwaka 1922, aliongoza huko taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza mjini Tokyo. Wanafunzi wa Kijapani walijua sarufi na walijua maneno, lakini sentensi zao zilikuwa hazikai sawa. Palmer na wenzake wakaanza kukusanya maneno yanayozoeana, na mwaka 1933 akatoa ripoti nzima juu ya kile tunachoweza kukiita kolokesheni, yaani makundi ya maneno ambayo sharti yajifunzwe kwa pamoja. Mwenzake A. S. Hornby akatengeneza kamusi kwa ajili ya wanafunzi haohao, ikatoka Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 Oxford ikaichapa upya. Ndiyo mzazi wa ile kamusi nene ya Oxford ya wanafunzi ambayo vizazi vya Afrika Mashariki vimeibeba kwenda bwenini. Kwa hiyo kamusi iliyomo kabatini mwa shule zetu ilizaliwa kutokana na shida hii hasa ninayoizungumzia, shida ya mtu mzima mwenye lugha yake anayekutana na Kiingereza darasani.

Mwaka 1957 J. R. Firth, profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha London aliyefundisha SOAS, chuo ambacho Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi, aliandika kauli ambayo wanaisimu wanaikariri hadi leo: neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao. Baadaye John Sinclair wa Birmingham akatumia kompyuta kukusanya maandishi mengi ya Kiingereza, akatoa kamusi ya COBUILD mwaka 1987, na hapo ikaonekana wazi kwamba vitenzi vya kawaida kabisa kama “make”, “take” na “give” hutumika sana vikiwa vimepoteza maana zao za asili, vikifuata nomino. Mwaka 2001 Bengt Altenberg na Sylviane Granger wakachapisha utafiti juu ya “make” peke yake. Walichambua insha za wanafunzi wa Kiswidi na wa Kifaransa waliofika ngazi ya juu, wakakuta hata hao bado wanapata taabu nayo, taabu nyingine zikiwa za wote na nyingine zikitoka kwenye lugha za kwao. Hao ni watu ambao lugha zao ni ndugu na jirani wa Kiingereza. Mtoto wa Kibaha au Kakamega asilaumiwe kwa kukosea pale ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya wanakosea.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi mtoto apewe orodha ya misemo 300 ya “make” akariri usiku kucha. Orodha za namna hiyo zipo nyingi, zinagawiwa kwa fotokopi, na zina kasoro ileile ya kanuni: zinaanzia kwenye kitenzi. Ukiwa unaandika sentensi, hakuna anayeanza kwa kuwaza “make”. Unawaza ahadi, malalamiko, hasara, kelele. Nomino ndiyo inayokuja kwanza kichwani, kwa hiyo nomino ndiyo iwe mlango.

Ukiingilia kwenye nomino utaona pia kwamba mambo hayakuachwa ovyo. Nomino zina koo. Ukoo mkubwa kuliko zote kwa “make” ni wa maneno ya kusema: statement, claim, promise, suggestion, request, complaint, remark, announcement, apology, offer, accusation, confession. Zote zinakubali “make”. Mwanafunzi aliyeujua ukoo huu akikutana na “allegation” kwa mara ya kwanza atabahatisha, na atapatia. Kisha unamwonyesha waasi wa ukoo, ambao ni wachache na wanajulikana: question anataka “ask”, advice anataka “give”, lie na story wanataka “tell”, oath anataka “take” au “swear”, compliment anataka “pay”. Waasi ndio wa kukariri. Ukoo wenyewe hukaa kichwani bila kulazimishwa. Kuna ukoo wa fedha: money, profit, loss, fortune, living, payment, deposit. Waasi wake ni business anayekwenda na “do” na salary anayependa “earn”. Mkopo unachukuliwa huko kama unavyochukuliwa huku, na hilo mwanafunzi aambiwe, maana mahali lugha mbili zinapokubaliana hakuna haja ya kutafuta taabu.

Wapo wanaokubali vitenzi viwili, na hapo ndipo utamu wa lugha unapoonekana. “Make a joke” ni kutania papo hapo, neno limekutoka kwenye mazungumzo na watu wamecheka. “Tell a joke” ni kusimulia kichekesho ulichokuwa nacho tangu zamani. “Have a conversation” ni kuzungumza. “Make conversation”, bila “a”, ni ile hali ya kukaa sebuleni na mgeni usiyemfahamu, mmeshaulizana habari za nyumbani na za safari, kimya kinataka kuingia, na wewe unatafuta la kusema: mvua, foleni, bei ya mchele. Kiingereza kimelitenga jambo hilo na mazungumzo ya kweli kwa kubadilisha kitenzi na kuondoa herufi moja. Ningependa mwanafunzi wetu afike mahali pa kufurahia kitu kama hicho. Hafiki, kwa sababu tumemwacha kwenye foleni ya “make ni kutengeneza”.

Hiyo “a” nayo inasafiri na nomino. Wanafunzi wengi wanaandika “make a progress” kwa kuwa “make a mistake” wameizoea. Progress haihesabiki, haitaki “a”. Friends katika “make friends” hubaki kwenye wingi hata kama rafiki uliyempata ni mmoja: “I made friends with her”. Sense hukaa peke yake. Ukiijua nomino kwa ukamilifu, haya yanakuja pamoja nayo.

Mahali ambapo gharama ya uzembe huu ni kubwa zaidi si kipindi cha Kiingereza, ni maabara. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anasoma masomo yake kwa Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza fizikia, kemia na baiolojia vinamjia kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kimempa kitenzi kimoja kipana: kufanya jaribio, kufanya uchunguzi, kufanya hitimisho. Sasa kila nomino inadai kitenzi chake. Jaribio ni “carry out an experiment”. Vipimo ni “take readings”. Unachokiona ni “make an observation”. Hitimisho ni “draw a conclusion”. Na kwenye karatasi ya kemia kuna jedwali lenye safu tatu, Experiment, Observation, Inference, na kila safu inataka lugha yake. Mtoto anayeona rangi ya kimiminika ikibadilika mbele ya macho yake, na anayeelewa kwa nini imebadilika, anakwama kwenye kuandika “I make experiment and I do conclusion”. Msahihishaji anamwona hajui kemia. Kemia anaijua.

Mwalimu wa kemia atasema hiyo si kazi yake, na mwalimu wa Kiingereza atasema yeye hafundishi maabara. Kati yao wawili nomino nne au tano zinaanguka chini, na zingefundishwa kwa kipindi kimoja. Kozi za mwezi wa kwanza wa kidato cha kwanza, zile za kuwavusha watoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, zingekuwa mahali pake hasa, kama zingeacha kuanza na majina ya nyakati za vitenzi.

Mtihani nao una sehemu yake. Swali tulilolizoea linasema “Fill in the blank with make or do”, na chini yake kuna sentensi kumi. Swali hilo linapima kubahatisha, kwani kila nafasi ina majibu mawili tu na mtoto asiyejua lolote ana nafasi ya kupata nusu. Halimuulizi anachohitaji maishani. Ningependa kuona swali linalompa mtahiniwa nomino, tuseme “complaint”, na kumtaka aandike sentensi tatu: mtu amelalamika, malalamiko yamepokelewa, malalamiko yamefutwa. Atahitaji “make”, “receive”, “withdraw”. Atahitaji kujua kama kuna “a” au hakuna. Atahitaji kujua anamlalamikia nani na kuhusu nini. Mtoto anayeweza kuandika sentensi hizo tatu anaweza kuandika barua kwa bodi ya maji ya mji wake.

Daftari la msamiati nalo libadilike. Mazoea yetu ni safu mbili, neno la Kiingereza kushoto, maana ya Kiswahili kulia, mstari mmoja kwa kila neno, ukurasa unajaa na hakuna kinachobaki kichwani. Nomino moja ipewe robo ya ukurasa. Andika “decision”, kisha vitenzi vyake: make, reach, announce, regret, reverse. Vivumishi vyake: hard, wise, hasty. Kihusishi chake: about. Pembeni andika “uamuzi” na vitenzi vyake mwenyewe: toa, fikia, pitisha, tengua, na uandike kata shauri hapohapo ili isisahaulike. Robo inayofuata iwe ya “promise”, yenye make, keep na break, na mkabala wake “ahadi” yenye toa, weka, timiza na vunja. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha kwa nomino nne, mbili za mwalimu ubaoni na mbili watoto wazitafute wenyewe kwenye kamusi ya Hornby iliyoko kabatini.